Panya wa Kikokotoo

Muuguzi alitaka kusinzia kidogo ndani ya basi, lakini fundi saa wa kiti cha mbele alikuwa na msiba wake.

"Betri za kikokotoo changu zimekufa, dada, mchezo wa panya niliouandika mwenyewe umefutika," alimlalamikia mshonaji aliyekutana naye hapo hapo. "Na wenzangu wa kikundi cha vikokotoo, niliowapa nakala, walishaufuta kupisha michezo mipya."

Mshonaji akapekua mkoba, akatoa kikokotoo cha grafu. Panya huyo, anakimbia kwenye kioo chake. "Mwanangu aliunakili kwa waya kutoka kwa mwenzako mmoja wa kikundi, kabla hajaufuta. Ila mlango wa pili haupitiki, kaka. Umekosea kuuandika."

"Sijakosea! Hujui kucheza!" Fundi alibisha huku machozi ya furaha yakimtoka.

Basi likasimama kwenye kituo cha muuguzi kushuka. Hakushuka.

"Hebu lete nijaribu," alimwambia mshonaji.