Vitambaa vya Bi Mwanapili Havikuwa vya Meza

Tarehe 31 Desemba 1957, Bi Mwanapili Boga ataweka sindano chini baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha ushonaji hapa Msambweni. Amechoka, wala hafichi.

Alikuja kwetu akiwa ameachwa. Uchungu wa uzazi ulimshika siku nyingi, mtoto akafa, na tangu hapo mkojo ukawa unamtoka wenyewe. Mumewe alimrudisha kwao Galu. Kwao nako wakamweka chumba cha uani, wageni wasisikie harufu. Watu walisema amelaaniwa. Hapa kazini hatukuyajua hayo. Tulimwona tu hakai kitini, anafundisha wima mpaka alasiri, na wanafunzi wakampa jina la Sajini.

Mwaka 1952 alipeleka kwenye maonyesho ya Kwale vitambaa vyeupe alivyovitarizi maua ya asumini, na pembeni maneno kama ya leso: Nimeumia, sijalaaniwa. Wakubwa walivisifu mno, wakavitandika mezani na birika la chai juu yake. Alipoitwa aeleze kazi yake, alisema wazi kuwa hizo ni winda za kuzuia mkojo, wanazovaa wanawake wenye maradhi kama yake, na kwamba hata pale aliposimama amevaa moja. Lo! Vikombe vilirudi mezani vyenyewe. Mzee Matano, msimamizi wa maonyesho, alimkemea kuwa mambo ya chumbani hayasemwi barazani. Bi Mwanapili akamjibu kwa adabu zote kuwa chumbani amekwisha kaa vya kutosha.

Nusura afukuzwe kazi. Wapo waliompita njiani bila salamu, naye akawasalimu vilevile. Kisha wanawake wakaanza kuja, kutoka Diani mpaka Shimoni, wamejifunika gubigubi. Aliwafundisha kutarizi, akawasindikiza hospitali, na wengine walishonwa wakapona. Yeye alishonwa mara mbili, haikushika. Kila aliyepona, Bi Mwanapili alimpigia vigelegele, halafu akaenda kufua vitambaa vyake mwenyewe. Inauma, na tunasema inauma.

Juma lililopita, tukipanga sherehe hii, mkulima mmoja aitwaye Tsuma alimleta mkewe mchana kweupe, furushi la winda kalibeba yeye, mbele za watu. Akamuulizia mwalimu. Kabla hatujamwambia mwalimu anastaafu, Bi Mwanapili alikwisha inuka, mkono kiunoni, anamtafutia mgeni kiti.

Ahsante, Bi Mwanapili. Mola akujaalie siha, na usingizi usiobishiwa hodi. Mke wa Tsuma tunaye sisi, na atakayekuja kesho pia. Wewe kalale.

Suleiman Kombe, kwa niaba ya wenzako