Mzee Chungulia Anakabidhi Ufunguo wa Stoo ya Bunduki

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza bunduki za walinzi wa shamba letu la mbegu, Mzee Chungulia anastaafu tarehe 30 Juni, miaka miwili kabla ya wakati wake. Wengi wameuliza kulikoni. Ameniruhusu niwaambie.

Jina hilo alilipata kihalali. Ukirudi na shotigani baada ya kufukuza nguruwe pori, hata kama umefyatua mara moja tu na mvua imekulowesha chapachapa, huendi nyumbani. Unahakikisha haina risasi, unamwonyesha, unahakikisha tena. Unafungua mtutu, unapitisha brashi kwa ufito kutokea nyuma, halafu vitambaa, kimoja baada ya kingine, mpaka kitoke cheupe. Mafuta ni tone moja. Ukizidisha, atakuuliza kama unakaanga maandazi. Mwisho unachungulia mtutu kuelekea dirishani, naye anachungulia baada yako. Mkewe aliwahi kutulalamikia kwamba hata mabomba ya jikoni kwake huchunguliwa.

Tulimcheka sana, lakini miaka yote hiyo hakuna mlinzi aliyepoteza hata ukucha.

Mwezi wa nne alisafisha bunduki ya zamu yangu, akachungulia, akaipitisha. Nilipochungulia mimi, sikuona mwanga. Kitambaa kilikuwa kimebaki ndani. Ningefyatua, mtutu ungenipasukia usoni. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo nikakisukuma nje kimyakimya, nikakitia mfukoni.

Kumbe alikuwa ameniona. Akanyoosha mkono, akakidai. Kisha akakiri kwamba tangu mwaka jana jicho lake la kulia lina ukungu, na kwamba siku hizi anachungulia kwa mazoea tu.

Uongozi ulimsihi abaki, akae mezani aandike daftari la zamu. Alikataa katakata. Alisema akiendelea kuonekana stoo, sisi tutaendelea kumwamini yeye kuliko macho yetu wenyewe. Barua yake ya kustaafu ilikuwa na mistari miwili, na kile kitambaa kikiwa kimebanwa pembeni kwa pini.

Mzee wetu, asante. Mimi nilificha kitambaa kulinda jina lako. Wewe umeacha kazi kulinda uso wangu. Nenda ukapumzike, jicho lipone, na siku zako na mama ziwe njema.