Fomaika Iliyokataa Kushika: Tunamuaga Fundi Xavery Ntandu

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 1986, Ndugu Xavery Ntandu, fundi seremala mkuu wa hoteli yetu, atarudisha funguo za karakana baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na minane na miezi minne. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwapo siku alipoajiriwa. Milango tunayoifungua kila siku aliitengeneza yeye, na mingine ameshaibadilisha mara ya pili.

Alizaliwa Singida mwaka 1931. Alifika Oldeani akiwa kijana, juu ya lori, kupalilia kahawa katika shamba la mzungu mmoja. Fundi wa shamba alimwona akichonga mpini wa jembe kwa kisu cha jikoni, akamvuta karakanani. Machi 1958 akaajiriwa hapa ukingoni mwa kreta kwa kazi ya miezi mitatu, kutengeneza vitanda kumi na viwili. Miezi mitatu hiyo ndiyo inayokwisha sasa.

Wenzake wanamkumbuka kwa mengi. Ndiye aliyeingia kazini kwa dirisha siku nne mfululizo kwa sababu nyati dume alikuwa amelala mlangoni mwa karakana, na siku zote nne alitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio saa moja na nusu kamili. Ndiye aliyemtengenezea mgeni mmoja wa Uholanzi kitanda cha futi saba na nusu kwa mchana mmoja, mgeni akaja kukilalia mara moja tu na kuondoka. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, na wahudumu wakawa wengi kuliko waliohudumiwa, karakana ya watu sita ilibaki na yeye peke yake. Alizunguka vyumba vitupu akipaka mafuta bawaba za milango ambayo hapakuwa na mtu wa kuifungua.

Mimi ninayeandika nimeombwa nieleze kazi yake moja kubwa, na nimechagua kabati la zahanati. Jina langu ni Patrisi Bura, mtunza stoo. Wenye kumbukumbu nzuri watashangaa kuona wasifu huu unatoka kwangu. Hata mimi nilishangaa. Mzee Xavery mwenyewe ndiye aliyetaka niuandike, akasema nisiruke kitu.

Ilikuwa Julai 1983. Zahanati ya wafanyakazi, chini ya Nesi Petronila, ilikuwa na chumba kimoja cha kujifungulia ambacho kiliwahudumia pia akina mama wa maboma ya jirani, wengine wakitembea kutoka Olbalbal. Mkaguzi wa afya alipokuja alipitisha kidole juu ya kabati la zamani, ambalo mbao zake zilikuwa zimekunywa damu na dawa kwa miaka, akasema neno moja: Julai ikiisha bila kabati linaloweza kuoshwa kwa dawa, chumba kifungwe. Maana yake akina mama washuke Karatu, mwaka ambao petroli yenyewe ilikuwa ya kuotea.

Mzee Xavery alitengeneza kabati kwa mbao za podo, la droo nne na milango miwili, kwa siku sita. Kilichobaki ni kulivika fomaika, lile bamba jembamba la plastiki ngumu linaloosheka. Stoo kwangu kulikuwa na mabamba mawili meupe yaliyobaki tangu baa ilipojengwa. Gundi tuliiandikia barua tatu Arusha, likaja kopo moja.

Gundi hiyo haibandikwi mbichi. Unapaka mbao, unapaka mgongo wa fomaika, unaacha vyote hadi ukigusa kidole hakishiki. Ndipo unaviweka pamoja, na vikishagusana huwezi tena kusogeza hata upana wa unywele. Mzee Xavery aliisambaza kwa kipande cha msumeno mkuukuu ili ienee sawasawa, akangoja, akagusa, akabandika, akagongagonga kwa nyundo ya mpira. Jioni alinyoosha kwa randa kingo za kabati, akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Asubuhi fomaika ilikuwa imejikunja pembeni kama chapati iliyosahauliwa juani. Aliivuta kwa vidole viwili ikatoka yote.

Alidhani mbao zilikuwa mbichi. Akakwangua gundi, akapiga msasa, akarudia. Ikatoka tena. Akadhani mgongo wa fomaika ulikuwa na vumbi la saruji, akaufuta kwa petroli kidogo tuliyoomba kwa dereva. Ikatoka. Nesi Petronila alikuwa akipita karakana kila siku baada ya kazi.

"Fundi, nimwambie nini mkaguzi?"

"Mwambie hata mimi simjui huyu mdudu," alijibu.

Siku ya mapumziko alishuka Karatu na kipande cha ubao na kipande cha fomaika, akaenda kwa fundi mwenzake, Nikolaus, mwenye karakana karibu na soko. Walibandika barazani, juani, kwa gundi ya Nikolaus. Walipojaribu kuvitenganisha kwa patasi, ulichanika ubao, fomaika ikabaki palepale.

Sasa mtu yeyote mwenye akili angefikiri kama alivyofikiri yeye. Ubao ni uleule, fomaika ni ileile, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni gundi. Gundi ya hoteli ina kasoro, na gundi ya hoteli inakaa stoo.

Jumatano asubuhi alinikuta nikihesabu ndoo.

"Patrisi, umeitia nini gundi yangu?"

"Sijaitia kitu, mzee."

"Ya Nikolaus inashika. Hii haishiki. Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Basi nisaidie kuelewa."

"Ningekuwa naelewa ningekuambia," nilimjibu, na nilikuwa nasema kweli.

Aligeuka, akaenda kwa meneja wetu wa wakati huo, Bwana Inosenti. Wenye umri wanajua mwaka 1983 ulikuwaje. Neno mhujumu uchumi lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mtunza stoo aliyeshukiwa kuuza nusu ya gundi na kujazia kopo kwa kitu kingine hakuhitaji ushahidi mwingi ili aondoke na watu asiowajua. Bwana Inosenti alichukua funguo zangu mbele ya wapishi, akaniambia nikae nyumbani. Jumatatu angeandika barua kwa polisi.

Nilikaa. Mke wangu, Katarina, alianza kwenda bombani wakati ambao wenzake hawapo. Usiku wa pili aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kweli hukuuza?"

"Hata wewe?"

"Nauliza tu, nijue nasimama wapi."

Sikumlaumu, maana na mimi nilianza kujiuliza. Je, nililiacha kopo wazi? Je, kuna aliyeingia nikiwa chooni? Nilikuwa najua sikufanya kitu, na bado nikawa sina uhakika, na hadi leo sijui mtu anawezaje kuwa na mambo hayo mawili kichwani kwa wakati mmoja.

Mzee Xavery naye, kumbe, hakuwa na raha. Alikuwa amepanda na chupa ya gundi ya Nikolaus ili amalize kazi. Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata taa za karakana zilionekana kama zimefunikwa shuka, alipaka, akangoja, akagusa, akabandika kipande cha majaribio. Baada ya chai alikivuta. Kikatoka.

Alikaa kwenye benchi, gundi nzuri ya Karatu mkono mmoja, fomaika mkono mwingine. Kama gundi ya Nikolaus nayo haishiki, basi Patrisi amefanya nini? Alijaribu tena. Alikuwa amepaka kipande kingine na anangoja kikauke pale Koko Namelok alipoingia.

Koko Namelok ni bibi wa boma la jirani ambaye amemsaidia Nesi Petronila kuzalisha kwa miaka mingi. Alitumwa kuuliza kabati limefikia wapi. Aliinama juu ya ule ubao.

"Fundi, hii imelowa."

"Imekauka, Koko. Gusa."

"Kidole chako kina baridi kama hiyo gundi yako. Kitajua nini?"

Akachukua ncha ya shuka lake, akaipitisha juu ya gundi taratibu, akamwonyesha. Nguo ilikuwa na unyevu. Ndipo Mzee Xavery alipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake wiki mbili nzima: juu ya gundi palikuwa na utando mweupe, kama pumzi kwenye kioo. Alikuwa akiuona kila siku, akidhani ndiyo dalili ya kukauka.

"Sisi hatuwambi ngozi ya ng'ombe asubuhi ya namna hii," Koko Namelok alisema. "Inanyonya ukungu. Unadhani imekauka, kumbe ina maji." Kisha akauliza tena habari za kabati, maana ndilo alilotumwa.

Mzee Xavery alikimbia na vipande vyake hadi chumba cha dobi, pale shuka zinapokaushwa kwa mabomba ya maji ya moto. Alipaka huko, akangoja huko, akabandika huko kwa gundi ya kopo letu, lile lile lililonifukuza kazini. Alivuta kwa mikono miwili, akaweka chini, akakanyaga kwa mguu na kuvuta. Haikutoka.

Hakurudi karakana. Alikwenda kwanza kwa Bwana Inosenti, halafu akaja kwangu. Ilikuwa saa sita mchana. Katarina alimsogezea kiti, akakataa kukaa.

"Patrisi, gundi haina kosa. Wewe huna kosa. Kosa ni langu. Nimeshamwambia meneja, na Jumatatu nitawaambia wote."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kwa siku tatu, mengine siwezi kuyaandika kwenye jarida la wafanyakazi. Nilikusudia kumfungia mlango. Badala yake nilijisikia nikiuliza, "Gundi ilikuwa na nini?"

"Maji ya ukungu."

"Ukungu?"

"Ukungu, Patrisi. Huu huu tunaoupumua."

Nilisimama pale kama mtu aliyeambiwa kwamba aliyemwibia ni upepo. Sikujua nicheke au nilie, na sikujua nimkasirikie nani.

"Sasa nina kazi ya watu wawili," akaendelea. "Bamba ni kubwa, halirudiwi likishagusa. Mkaguzi anakuja Jumanne. Ninakuomba unishikie upande wa pili. Ukikataa nitaelewa."

Katarina ndiye aliyenipa koti langu.

Tulilibeba kabati hadi chumba cha dobi. Tulipaka, tukafungua madirisha kidogo kwa ajili ya harufu, tukangoja tukiwa tumekaa juu ya vikapu vya nguo. Kisha alipanga vijiti vyembamba juu ya kabati ili bamba lisiguse kabla ya wakati, tukalilaza juu yake, yeye kichwani, mimi miguuni. "Kwako kushoto kidogo," alisema. "Hapo. Usipumue." Akaanza kuchomoa vijiti kimoja kimoja kuanzia katikati, na mimi nikaona fomaika ikilala kwenye mbao kama mtu anayeingia kitandani baada ya safari.

Wageni wawili Wajerumani waliuliza asubuhi iliyofuata kwa nini shuka zao zinanuka kiatu kipya. Waliambiwa ni sabuni ya hapa.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, Mzee Xavery alitoka mstarini bila kuitwa. "Nilimwita mwenzangu mwizi bila kulitaja neno hilo," alisema. "Nililipeleka kwa meneja likiwa limevaa nguo nyingine. Leo nalivua mbele yenu. Patrisi hakugusa kitu." Bwana Inosenti alinirudishia funguo mbele ya wapishi walewale. Jumanne mkaguzi alikwangua kona ya kabati kwa kucha, kisha kwa ufunguo wa gari, akatia sahihi. Tarehe tisa Agosti Nanyori wa Olbalbal alijifungua mtoto wa kike katika chumba hicho, na tangu hapo Nesi Petronila ameandika majina ya watoto hamsini na tisa.

Mwezi uliopita nilimuuliza kitu kilichonisumbua miaka mitatu. Yeye ni mtu anayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata. Iweje mimi hakunipima hata mara moja?

"Nilikuwa nimechanganyikiwa," alinijibu, "nikataka jibu lenye jina la mtu. Ukungu hauna jina."

Sijui kama jibu hilo linanitosha. Siku nyingine naona linatosha, siku nyingine silielewi kabisa. Ninachojua ni kwamba nimefanya kazi na watu wengi waliowahi kukosea, na ni yeye tu niliyemwona akilifuata kosa lake kwa miguu, nyumba hadi nyumba, mchana, watu wakimwona.

Sasa anastaafu, na amechanganyikiwa upya. Mama Elizabeti, mkewe, ni wa hapa chini Karatu na ameshapanda mahindi ya msimu huu. Ndugu zake Singida wamemtengea kiwanja. Amefunga sanduku lake la zana mara mbili na kulifungua mara mbili, na ukimuuliza anakwenda wapi anajibu, "Nyumbani," halafu anatazama barabara pande zote mbili.

Menejimenti na wafanyakazi wote tunakushukuru, Mzee Xavery, kwa vitanda, milango, madirisha na kabati moja jeupe. Kwangu mimi, asante kwa kubisha hodi. Popote utakapoamua kuweka sanduku hilo, Singida au Karatu, tunakuombea afya, chakula cha kutosha, wajukuu wasiosikia, na asubuhi nyingi ambazo hutadaiwa sahihi kwenye daftari lolote. Uende salama, baba, na usione haraka ya kuamua.