Keki za Zabibu na Kifungu cha Tisa: Kumuaga Bi. Hilary Ollerenshaw

Ninatoa dai, nami niko tayari kulitetea mbele ya yeyote: katika miaka thelathini na minne, hakuna mtu aliyeifaa zaidi mito ya Lancashire, hapa kwetu Uingereza, kuliko Bi. Hilary Ollerenshaw, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Machi. Na manufaa hayo yalianza kwa kukosea tarehe.

Alipoajiriwa katika Idara yetu ya Ukaguzi wa Maji, utaratibu ulikuwa wa kiungwana mno. Kila kampuni ya majitaka ilijipimia yenyewe usafi wa maji inayoyamwaga mtoni, nasi tukitaka kuhakikisha, tuliiandikia barua siku kumi kabla. Ni sawa na kumpelekea mwizi ratiba ya doria. Tukifika tulikuta rangi mbichi ukutani, mto unang'aa, na sahani ya keki za zabibu. Baada ya miaka mitatu ya kula keki hizo, Bi. Ollerenshaw alitunga kanuni yake ya kwanza ya kisayansi: keki zikizidi sita, kagua bomba la nyuma.

Kisha likaja kosa lenyewe. Barua ilitaja tarehe 19. Kwenye shajara yake akaandika 12. Akatokea katika kituo cha majitaka cha Brindlow asubuhi ya jua kali, siku ya sita bila mvua, jambo ambalo kwetu hutangazwa redioni. Sheria huruhusu majitaka kumwagwa mtoni wakati wa mvua kubwa tu. Koki ilikuwa wazi, na mto umegeuka mchuzi.

"We bibie, mbona wiki ijayo imefika leo?" alimaka msimamizi, Bw. Clive Duckworth, kikombe cha chai mkononi.

"Keki ziko wapi, Clive?"

"Zinaokwa Jumatano!"

"Na mto je, nao unaokwa Jumatano?"

Kampuni ilitozwa faini. Idara nayo ikampa Bi. Ollerenshaw onyo la maandishi kwa kufika bila taarifa. Alilitia kwenye fremu, akalitundika juu ya meza yake, kisha akaligeuza kuwa pendekezo: ziara zote ziwe za kushtukiza. Lilikataliwa mara nne. Wakubwa walihofia kuharibu uhusiano mwema.

"Mwema na nani?" aliuliza kikaoni. "Mimi samaki hawajawahi kunikaribisha chai."

Hatimaye lilijaribiwa kwa miaka miwili. Kati ya vituo ishirini na viwili, kumi na saba vilikutwa vikimwaga majitaka mchana kweupe bila tone la mvua. Bw. Duckworth, ambaye siku hizi amestaafu na huvua samaki papo hapo Brindlow, amekiri kwamba sasa samaki wanashika ndoano.

Serikali ilipoanza kuunganisha idara zote za maji kuwa mamlaka moja, ziara hizo ziliwekwa katika kifungu cha tisa cha rasimu ya kwanza ya sheria mpya. Rasimu ya mwezi huu ina kifungu cha nane, kisha cha kumi. Nimesoma sheria za mataifa mengi. Hesabu ya namna hiyo sijaikuta popote.

Bi. Ollerenshaw, ahsante kwa ukaidi wako. Uwe na afya tele, viatu vikavu, na shajara isiyo na tarehe hata moja.

Ijumaa kutakuwa na keki. Tangazo lilibandikwa siku kumi kabla; alipolisoma, aliuliza, "Mnaficha nini?" Namtaka Mwenyekiti wa Bodi ya Idara yetu amjibu hadharani, kabla kisu hakijagusa keki: kifungu cha tisa kimo, au hakimo?