Muchina wa Naviundu Alinifundisha Kutoa Pumzi

Sifa kwa Bwana aliyeniachia pumzi, ndugu zangu! Mnaniona nimesimama mbele yenu. Wale wanaonijua toka kule kambi ya wafanyakazi wanajua kwamba kusimama huku si jambo dogo.

Jina langu ni Pelajia. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kujenga reli, nami nikazaliwa hapa hapa Elisabethville. Nilifunga ndoa kanisani na Ilunga, mwanaume wa kazi ya tanuru, kule wanakoyeyusha shaba. Tulikuwa na batoto babili, Yosefu na Leo. Surua ikaingia kambini wakati wa mvua. Yosefu alikwenda asubuhi. Nilikuwa bado namwosha, jirani akaniita: "Pelajia, acha ule, kuya kwa mudogo!" Nikaenda kwa mdogo. Naye akaenda.

Ndugu zangu, sikulia. Watu walingoja nilie, kilio hakikuja. Kifua kilijifunga. Nikavuta hewa, nikavuta tena, haikutosha. Siku ya kuzika, miguu ikakataa. Walizikwa mama yao akiwa kwenye mkeka.

Nilibaki chini hapo mpaka mvua ikaisha na baridi ikanikuta. Hospitalini munganga alinigonga mgongo, akasikiliza, akasema sina ugonjwa. Sina ugonjwa! Mwanamke anayebebwa hata kwenda kujisaidia! Majirani wakaniletea mizizi ya dawa toka Kasenga, nikatapika tu. Padri akanipaka mafuta. Kila jua likitoka nilimwomba Mungu anichukue. Umechukua wote wawili, mimi unaniachia nini? Sitawadanganya: sikusikia sauti, sikuona mwanga. Kulikuwa kimya.

Ilunga alitoka tanuruni akapika mwenyewe bukari, ugali wetu, majirani wakamcheka. Kaka zake wakamwambia, nami nikisikia: "Huyu bibi amekwisha kufa. Unangoja nini?" Mwishowe akanipakia kwenye baiskeli, akanipeleka Naviundu kwa dada yake mkubwa, Mama Ngoie. "Nitakuya kukukamata," akasema, yaani atarudi kunichukua. Nilimtazama machoni, nikajua amechoka na mimi.

Nyuma ya nyumba ya Mama Ngoie, kando ya mto, mzee mmoja alilima kabichi. Alikuja zamani na wajenzi wa reli toka kusini. Wenzake wakarudi kwao China, yeye akabaki. Watu walimwita Muchina tu. Kila asubuhi alisimama peku kwenye majani, magoti yamelegea, akainua mikono polepole kama mtu anayeinua beseni lililojaa maji, akaishusha. Mikononi hamna kitu. Watoto walimwiga wakacheka. Mimi nilimwangalia toka mkekani kwa sababu sikuwa na kingine cha kuangalia.

Asubuhi moja kifua kikafunga kabisa. Nikakwaruza ukuta. Mama Ngoie akapiga kelele, na Muchina akaruka ugo wa matete, akapiga magoti karibu yangu.

"Mama, usivute. Toa. Toa hewa!"

Nikatikisa kichwa. Anayezama atatoaje hewa?

"Toa yote! Ile ya zamani iko ndani. Toa!"

Nikatoa. Kilio kikatoka pamoja nayo, kile ambacho watu walikingoja kambini. Nililia majina ya wanangu mpaka jua likawa juu ya nyumba.

Toka hapo akanifundisha. Kwanza kupumua nikiwa nimelala, halafu nimekaa, halafu nimeshika ukuta. Siku moja nikamwuliza: "Hii itanisahaulisha batoto?"

"Hapana," akasema. "Mi pia nilikuwa na bibi na mutoto mwanamuke kule kwetu. Mafuriko ilibabeba. Sisahau. Hii ni ya muguu kusimama tu."

Mama Ngoie aliogopa uchawi, akamwita katekista. Katekista akasimama ananitazama, halafu akauliza: "Wakati unainua mikono, unaita nani?"

"Siiti muntu. Napumua. Nikishusha, nasema Baba Yetu."

Katekista akasema: "Basi pumua, mama."

Mvua ziliporudi, nilitembea toka Naviundu mpaka kambini kwa miguu yangu mwenyewe. Ndugu zangu! Nyumbani mwangu nikamkuta binti anasonga bukari, tumbo lake kubwa. Ilunga akasimama, macho chini.

"Pelajia, bandugu balisema hautaamuka tena."

"Nimeona," nikamjibu.

Kifua kikaanza kufunga pale mlangoni. Nikatoa pumzi, polepole. Miguu haikukataa. Nikageuka, nikaenda makaburini nikawatafuta wanangu kati ya misalaba mingi midogo, na sikujua ni ipi yao. Nikasimama katikati, nikawaombea wote, kisha nikarudi Naviundu kwa Mama Ngoie.

Kilichopotea hakikurudi. Muchina naye tumemzika. Bado ziko asubuhi ambazo naamka nikitamani nisingeamka. Lakini namshukuru Mungu, yule aliyenyamaza muda mrefu hivyo, kisha akamtuma mgeni kuruka ugo.

Mama uliyeketi pale nyuma, na wewe baba ambaye kifua chako kimefungwa: mtumaini Bwana hata akikaa kimya. Njoo Naviundu asubuhi, nyuma ya kapela, kanisa letu dogo. Siahidi kwamba utacheka. Tutatoa pumzi pamoja, tutasema Baba Yetu. Na kama kusimama kutakushinda, nitakaa chini karibu yako mpaka uweze. Amina!