Kimya Nilichokihesabu Kuwa Ndiyo

Sogeeni, wanangu. Joris, zima hiyo simu, mji wako wa Aalst hautaungua bila wewe. Na wewe Solange, toka hapo mlangoni uketi kando ya kaka yako, hata kama ni miaka sita hamjapeana mkono. Mwanasheria anakuja saa nane kuandika wosia, lakini lililo kubwa nataka mlisikie kinywani mwangu, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Miaka ishirini na saba niliandika kumbukumbu za kikao kule Brussels, kikao ambamo serikali zetu zote, nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja, huketi kuamua nchi hii ya lugha tatu itasema nini mbele ya Ulaya. Wote wakikubali, mtu wetu kwenye mkutano wa Ulaya hunyanyua mkono; mmoja akikataa, mtu wetu hunyamaza, na nchi nzima hunyamaza pamoja naye. Wageni walitucheka. Mimi hata leo nakionea fahari.

Siku moja ulijadiliwa mkataba wa maziwa ya ng'ombe. Schyns, mjumbe wetu sisi wa lugha ya Kijerumani, watu ambao tungeenea wote kwenye uwanja mmoja wa mpira, alitoka kupiga simu Eupen, kwenye serikali yetu. Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Kiti kitupu hakikujibu, nami, mtu wa kwao, niliyetaka kuwahi treni, nikaandika kwamba wote wamekubali, na karatasi ikapelekwa kwa mtu wetu wa Ulaya. Schyns aliporudi akaisoma nakala.

"Bi Hedwig, mimi nimesema lini?"

"Hukusema kitu."

"Basi ungeandika hivyo hivyo."

Mjumbe mmoja wa Flandria, upande wa Kiholanzi, akaguna, "Yaani nchi nzima tuisubiri tarafa?" Mwenyekiti, Mflandria mwenzake, akafunika kalamu yake. "Tutaisubiri."

Wanangu, neno ambalo nchi ilikwisha kulitoa lilirudishwa kwa simu, na watu milioni kumi wakangoja siku tatu ili mtu mmoja asome kurasa arobaini kwa lugha ya mama yake. Sijaona mlima wala kanisa lililonifanya nijione mdogo kiasi kile.

Wala sikujifunza. Baba yenu Lieven, Mflandria, alipofariki, Joris alitaka jiwe la kaburi liandikwe Kiholanzi. Nikakupigia simu Namur, unakoishi kwa Kifaransa, Solange. Ukaniuliza, "Na mimi niliyemwita Papa kwa Kifaransa maisha yangu yote?" Kisha ukanyamaza. Nilikusikia ukipumua, nikakata simu, nikamwambia kaka yako: dada yako ameridhia. Joris, hakuridhia. Solange, kaka yako hakukupuuza, aliambiwa umekubali. Chuki mliyoila miaka sita, mpishi wake ni mimi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikihesabu kuwa ndiyo.

Nipeni maji. Hapo. Basi.

Nyumba hii ya Raeren siigawi. Isiuzwe, isipangishwe, usikatwe hata mti mmoja bustanini, mpaka nyote wawili mseme ndiyo kwa mdomo, mkitazamana, si kwa barua, si kwa wakili. Asiyesema asihesabiwe. Mkishindwa kuelewana, iacheni isimame. Paa litavuja, na mtalazimika kusemezana juu ya paa. Kuku mpeni jirani, Bi Niessen. Ana mdomo, lakini hajawahi kulaza mnyama na njaa.

Mungu awape masikio mapana kuliko ndimi zenu. Awape subira ya... ngojeni... subira ya wale wanaume na wanawake wa kikao changu, ambao walitukanana asubuhi, na ilipofika mchana wakapeana chumvi mezani. Watoto wenu wakutane wakiwa hai, si makaburini tu.

Joris, usimjibie dada yako. Solange... sogea, sauti inaniishia. Swali hili nimelichelewesha miaka sita. Jiwe la baba yako, unaliridhia? Sema hapana ukitaka, mwanangu. Hapana nayo ni sauti, na mimi bado nasikia.