Fundi wa Sare Aliyesubiri Figo ya Dada Yake

Marehemu, tuliyezoea kumwita Futikamba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1982, mtoto wa pili na kitinda mimba wa mama yetu, mkunga mstaafu, na hayati baba yetu, seremala.

Baada ya shule ya msingi alisomea ushonaji miaka miwili. Mwaka 2003 alifungua chumba nyuma ya soko, akashona sare za shule kwa miaka ishirini. Kila mtoto alimpima mara mbili, na pindo aliliacha refu. "Huyu anarefuka, mama," aliwaambia wazazi. "Muhula ujao usinilaumu."

Mwaka 2008 alimwoa mwalimu aliyekuwa amerudisha sketi moja mara tatu ili ibanwe kiuno. "Wifi, sketi ile haikuwa na kosa lolote," bibi harusi alikiri baadaye.

Agosti 2021 figo zake zilishindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alipanda basi la alfajiri, mwendo wa saa nne, kwenda kusafishwa damu kwa mashine. Vipimo vilionyesha kuwa figo ya dada yake ingemfaa. Ilibaki fomu ya kupandikizwa. Swali la kumi na moja liliuliza kama nyumba ina maji ya bomba ndani, kwa ajili ya usafi wa kidonda. Dada alishika kalamu, akasita.

"Niweke ndiyo?"

"Weka hapana, dada. Nguo ya vipimo vya uongo itanikataa mwilini."

Akaweka hapana. Hospitali ikamwondoa kwenye orodha. Wagonjwa wa upande wetu kwenye basi lile walikuwa saba. Hakuna aliyevuka swali hilo.

Hakununa. Alimshonea fundi bomba ovaroli mbili, majirani wakachimba mtaro, na Februari 2024 maji yakafika jikoni. Tulipopeleka fomu upya, vipimo vilikuwa vimepitwa na muda. Tuliambiwa tuanze mwanzo, tarehe 20 Juni. Hiyo ni Alhamisi ijayo.

Alifariki Jumatatu, tarehe 10 Juni, ndani ya basi, ameegemea bega la dada yake.

Ameacha mama, mke, mabinti wawili ambao sare zao bado zina pindo la kuachia, na mimi, dada yake mwenye figo mbili. Wenzake sita wa basi wanamlilia. Watatu wako nasi, watatu leo ni zamu yao ya mashine.

Maji mliyonawa mlipofika yametoka kwenye bomba lake. Apumzike sasa kwa amani, bila basi la alfajiri.